Ni Meno Tu

Jino la kwanza la Kulwa tulilisikia kabla hatujaliona. Ilikuwa Januari 2018, tumekaa barazani Kitangiri, Mwanza, namlisha uji, kijiko kikagonga kitu mdomoni: ti! Nikakirudisha kwa makusudi. Ti! Nikaita nyumba nzima waje wasikie. Alikuwa na miezi sita na nusu, hana homa, haharishi, na usiku wa kuamkia siku hiyo alilala fofofo. Jino liliingia bila hodi.

Pacha wake hakuwa na kitu. Kwa msiotoka Usukumani, Kulwa ni pacha anayetangulia kuzaliwa na Doto ndiye anayefuata. Kulwa wangu ni wa kike, Doto wa kiume. Walinyonya ziwa moja, walikula uji wa sufuria moja, walilala chini ya neti moja. Lakini Februari ikapita, Machi ikapita, Kulwa ana meno manne anang'ata kila kinachomsogelea, Doto fizi tupu kama kizee.

Hapo ndipo lile neno lilipohamia kwangu. Doto akilia, "Anaota meno huyo." Akikataa kunyonya, meno. Akitapika, meno. Akiharisha, "Si meno hayo, mama Kulwa, kwani hujui?" Meno ambayo hayajaonekana yakawa yanadaiwa kila kitu, kama mpangaji aliyehama usiku, kila kilichopotea nyumbani kachukua yeye. Na si watu wengine tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nalisema, tena naongeza kaneno kadogo mwishoni ambako sasa nikikasikia kwa mtu nywele zinanisisimka. Ni meno *tu*.

Wakati huo nilikuwa nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Baba yao alikuwa kisiwani Goziba. Dagaa huvuliwa siku za giza, mwezi ukiwa haujatoka, taa ziwavute, kwa hiyo giza likiingia mume sina, na simu huko inashika ikitaka. Mmoja namfunga mgongoni, mwingine anabaki na binti wa kunisaidia. Kati ya wateja wangu alikuwapo mama mmoja wa upande wa Homa Bay, Kenya, mnunuzi wa magunia, ambaye dagaa wetu yeye huwaita omena. Siku moja akamtazama Doto anavyodondosha udenda mgongoni kwangu, akasema, "Huyu anamea meno."

Tukamcheka. Mwenzangu wa meza ya pili akamuuliza, "Anamea? Kwani mtoto ni mchicha?"

Naye hakukosa jibu. "Na nyinyi mnaosema anaota, kwani amelala?"

Lile swali sikulijibu siku ile, lakini lilinikaa. Kuota ni neno lenye vyumba vingi. Mahindi yanaota, ndevu zinaota. Mwenye kiburi ameota pembe, na pesa usiyojua ilikokwenda imeota mbawa. Asubuhi za baridi tunaota moto, jioni tunaota jua la mwisho juu ya mawe. Na usiku, ukilala, unaota tena. Kwa hiyo mtoto akisema nimeota meno, na mtu mzima akisema nimeota meno, maneno ni yaleyale lakini mmoja anapigiwa vigelegele, mwingine anaulizwa kwa woga: yalikuwa yanang'oka? Maana kwetu, kama kwa watu wengi, kuota meno yaking'oka ni kuota msiba.

Mama mkwe wangu aliota hivyo Aprili ile.

Masika ilikuwa imeshika. Doto ana miezi tisa kasoro, akaamka na joto. Nikamwambia binti, ni meno tu. Nikaenda duka la dawa, nikamweleza muuzaji kwamba mtoto anaota meno, ana homa na anaharisha kidogo. Simlaumu sana, nilimpelekea jibu badala ya swali. Angeuliza nini tena? Alinipa dawa ya maji ya kushusha homa na kichupa cha dawa ya kupaka kwenye fizi, akanipa chenji. Joto likashuka kwa muda wa saa nne hivi, likapanda. Nikampa tena, likashuka, likapanda.

Siku ya pili jirani akaja kumwangalia. Ni mtu mwema, nimekula kwake mara nyingi. Alimfungua Doto mdomo, akapitisha kidole kwenye ufizi wa chini, akaniita nitazame. Kweli, pande zote mbili, mahali chonge zinapokaa, palikuwa na kivimbe cheupe chini ya ngozi ya ufizi. Akashusha sauti. "Haya si meno ya kawaida. Haya ni meno ya plastiki. Yasipotolewa, mtoto anaharisha mpaka anaisha."

Nadhani wengi mnalijua hilo jina. Wengine husema meno ya nailoni. Nililisikia tangu nikiwa msichana, na nilimjua mtu aliyepeleka mwanawe. Kuna wazee wanaofanya kazi hiyo. Wanafukua ufizi kwa kitu chenye ncha, spoku ya baiskeli iliyonolewa, kisu, hata msumari, wanatoa kitu cheupe, laini kama punje ya muhindi mchanga, wanakuwekea mkononi: unaona? Plastiki. Na wewe mama, umelowa damu ya mwanao, unaona, kwa sababu kweli ni laini, haifanani na jino. Jirani alimjua mama mmoja huko juu mlimani, kwenye zile nyumba zilizobebana na mawe. Tulikubaliana twende kesho yake alfajiri, kabla sijaenda Mwaloni.

Nimeandika sentensi hiyo iliyopita mara tatu nikiifuta. Tulikubaliana. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, niliyekuwa na kadi mbili za kliniki zilizojazwa chanjo zote bila kuruka hata moja.

Mchana ule mama mkwe akatokea, kikapu mkononi, bila taarifa. Kapanda feri ya Kamanga kutoka Sengerema kwa sababu usiku aliota meno yake ya mbele yamedondoka kwenye kiganja. Hakutaka kupiga simu. Ndoto ya namna hiyo, alisema, haiulizwi kwenye simu. Akawapokea wajukuu. Kulwa yeye humwita mke mwenzangu, na Doto humwita mume wangu, na ilipofika zamu ya mume akamshika paji la uso akanyamaza. Nikamweleza habari ya kesho alfajiri.

Nilitegemea aniunge mkono. Mama mkwe ana hirizi zake, ana majani yake, hospitali huenda akiwa amebebwa. Akanitazama kama aliyesikia upuuzi kanisani.

"Nimezaa tisa," akasema. "Wa kwanza nimemzaa maji tunachota kwa mtungi, chakula tunapakua kwenye kibuyu, kamba ya mkonge. Plastiki yenyewe haikuwapo kijijini. Meno ya plastiki yalitoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Jirani naye hakuwa nalo, akaondoka amenuna. Na mpaka leo, nikisoma maelezo marefu ya wataalamu kuhusu jambo hili, naona hakuna aliyelimaliza kwa ufupi kama yule bibi. Baadaye niliambiwa kile kivimbe cheupe ni nini. Ni jino la kweli, la chonge, linaloanza kujengwa ndani ya ufizi. Vichipukizi vya meno ya utoto huanza mtoto akiwa bado tumboni, mimba ikiwa na wiki sita hivi, na kila mtoto anavyo. Ni laini kwa sababu halijakomaa, kama yai lisilo na ganda. Anayelifukua anaacha kidonda wazi kwa mtoto ambaye tayari ni mgonjwa, chombo kimepita midomo mingine kabla, na hapo ndipo tetanasi, damu isiyokatika na hata virusi vya UKIMWI hupitia. Wapo waliokufa. Wanaopona, wengi wanabaki na pengo la chonge, na jino la ukubwani lililokuwa limelala chini yake linatoka limeharibika au limepinda. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Nao hawakujua kwamba kuna mapengo tutayachimba wenyewe.

Basi Doto akanusurika spoku. Lakini ningependa kusema bibi alituokoa, na si kweli. Baada ya kuyakataa meno ya plastiki alisema, kwa sauti ileile ya uhakika, "Haya ni meno ya Mungu tu, yanaota, yatatoka." Nami nikashusha pumzi, nikaenda kuanua dagaa, mvua ilikuwa inakuja.

Saa nane usiku degedege ikamshika.

Sitaeleza sana. Macho yaligeuka, mikono ikakakamaa, taya likafunga. Mama mkwe alikuwa anataja majina ya watu waliokufa zamani. Nilimpata bodaboda aliyekuwa amelala juu ya pikipiki yake pale kona, nikapanda na Doto kifuani, na ninachokumbuka ni kwamba sikuwa na kiatu kimoja.

Kituoni nesi wa zamu, mama wa makamo, alimpokea na kumlaza kwa ubavu, akaanza kuuliza. Homa tangu lini? Siku ya tatu. Umempa nini? Nikataja. Umepima malaria? Nikasema, nesi, mtoto anaota meno. Hakunikemea. Alitoboa kidole cha Doto huku akiongea, akaweka tone la damu kwenye kile kibao cha kipimo, tukasubiri kama robo saa. Mistari miwili. Akaniletea nione mwenyewe, kama vile jirani alivyoniita nione vivimbe.

"Mengine yanaota kwenye damu, mama," akasema.

Alilazwa. Sindano ya kwanza usiku uleule, ya pili baada ya saa 12, ya tatu ilipotimia saa 24, kisha dawa mseto za kumeza kwa siku tatu. Damu ilikuwa imepungua lakini haikufikia ya kuongezewa. Siku ya pili alifungua macho akatafuta ziwa, na mimi nikalia kwa mara ya kwanza tangu tuingie, kilio cha aibu zaidi kuliko cha furaha.

Nesi yule alikuwa na mazoea ya kupita jioni akiwa amemaliza kazi, anakaa ukingoni mwa kitanda. Nilimuuliza: kwa hiyo meno hayaleti homa? Aliniambia jino linapotoka mtoto hudondosha udenda, hutafuna vidole, ufizi huvimba kidogo na kuwasha, hulialia, hulala vibaya siku mbili tatu. Joto laweza kupanda kidogo. Likifika nyuzi 38 acha kabisa kulisingizia jino, tafuta ugonjwa. Na huku kwetu Kanda ya Ziwa, anza na malaria. Kuhusu kuharisha, akanirudisha nyuma kidogo. "Meno yanaanza lini?" Miezi sita hivi. "Na uji unaanza lini?" Miezi sita. "Kutambaa na kuokota vya chini je?" Humohumo. "Na kinga aliyotoka nayo tumboni kwako inapungua lini?" Nikanyamaza. Mambo manne yanafika kwa wakati mmoja, na tunalolikamata ni lile tu linaloonekana mdomoni.

Nilipomwambia habari za Kulwa, kwamba yeye aliota bila hata chafya, akacheka. "Sasa wewe una mizani nyumbani. Mapacha, chakula kimoja, neti moja. Mwenye meno mzima, asiye na meno mgonjwa. Na bado ukasema meno?"

Neti yenyewe, niliporudi kuikagua, ilikuwa na tundu upande wa ukutani. Upande wa Doto.

Tangu hapo nikabadilika kwa vitendo zaidi kuliko kwa maneno. Agosti Kulwa alipoharisha, na yule binti akasema ni magego yanakuja, nilichemsha lita moja ya maji, ikapoa, nikakoroga pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, nikampa kidogokidogo mchana kutwa, na vidonge vya zinki siku kumi hata baada ya choo kukaza. Ikagundulika binti alikuwa akipooza uji kwa maji ya ziwa yasiyochemshwa. Magego yalikuja kweli, lakini miezi miwili baadaye, na ndipo yalipomsumbua kwa kiasi chake: anashika shavu, anakataa kijiko. Nilimpa kitambaa safi nilichokiloweka kwenye maji ya mtungi, yale yaliyochemshwa, akawa anakitafuna anakinyonya. Hatuna friji, na mtungi ulitosha. Ile dawa ya kupaka niliitupa. Daktari wa meno alinieleza kwamba zile zenye ganzi si za watoto wadogo, zinaweza kuwadhuru, na hata hivyo udenda huziosha kabla hazijafanya kazi.

Na Doto? Doto alikaa mpaka Juni, ana miezi kumi na moja, ndipo jino likachomoza. Mawili kwa pamoja. Ya juu.

Hapa hadithi ikapata mkia. Tuna jirani mwingine aliyeolewa kutoka Tanga. Alimwona Doto anacheka, akatoka na neno ambalo mimi nililijua la kwenye kamusi tu: "He! Kumbe mna kigego?" Alilisema kwa utani, lakini nyuso za watu zilibadilika. Kigego ni mtoto aliyetanguliza meno ya juu, na zamani, pwani na kwingineko Afrika Mashariki, mtoto wa hivyo alihesabiwa mkosi. Walikuwapo waliotupwa porini, walikuwapo waliouawa. Kamusi inaongeza maana nyingine: mtu mwenye nuksi. Nililifikiria usiku kucha. Neno moja limenipa jibu la uongo Aprili, na Juni lingine limekuja kumpa mwanangu jina. Na yote mawili ni kuhusu kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

Nikampeleka kwa daktari wa meno, si kwa sababu aliumwa, ni kwa sababu nilitaka mtu aliyesomea aniambie mbele ya mama mkwe. Tulikwenda wote watatu. Daktari, kijana mdogo, akasema ya chini hutangulia kwa wengi, ya juu kwa wachache, wengine huanza mwezi wa nne na wengine baada ya mwaka. Hata yakianzia wapi, akifika miaka mitatu hivi anatakiwa awe nayo 20. Mama mkwe akamuuliza, "Kwa hiyo hana kitu?" Daktari akamjibu, "Bibi, ana meno mawili." Njiani kurudi mama mkwe alikuwa akilirudia jibu hilo na kucheka peke yake.

Ndoto yake hata hivyo hakuiachia. Doto alipopona nilidhani imekwisha. Septemba 20 mwaka uleule kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa, na Mwaloni siku zile hapakuwa na mtu asiyekuwa na wa kumlilia au wa kumpa pole. Mama mkwe akanipigia. "Unakumbuka yale meno? Ndiyo haya." Sikubishana naye. Lakini niliwaza: miezi mitano ndoto ilikuwa inatembea inatafuta mwenyewe, na ziwa kubwa kama hili halikosi kuipatia.

Siku hizi akija hapandi tena feri, anazunguka Busisi apite darajani, anasema anataka kulimaliza kulishangaa. Agosti 2025 alikuwa kwetu. Mapacha wana miaka minane, na Doto, kama kawaida yake, amechelewa: Kulwa kashabadilisha meno yote ya mbele, Doto bado alikuwa na pengo la juu ambalo unaweza kupitisha mua. Yale mawili yake ya kwanza, ya ule mzozo wote, alikuwa ameyarusha juu ya bati kwa nyakati tofauti.

Asubuhi moja tuko jikoni, bibi ana kikombe cha chai, Doto akaja mbio kutoka chumbani, hajanawa hata uso.

"Bibi! Nimeota meno!"

Bibi akaweka kikombe chini taratibu. "Umeota yanang'oka, mume wangu, au umeotaje?"

Doto akamtazama bila kuelewa. Kisha akamsogelea, akainua mdomo wa juu kwa vidole viwili, na pale penye pengo vikaonekana vyeupe viwili, kingo zake zimechongoka kama msumeno mpya.